Goncharenko anastahili zaidi ya aya moja

Mwandishi wa makala yenu ametaja BATE Borisov kuifunga Bayern Munich 3-1 mjini Minsk, Oktoba 2012, kisha akapita. Jamani, hapo ndipo penye uhondo! Bayern hiyohiyo ndiyo iliyotwaa Ligi ya Mabingwa msimu ule.

Viktor Goncharenko, kocha wa ushindi huo, alikuwa beki wa BATE, majeraha yakamlazimisha kutundika daluga kabla hajafikisha miaka 30. Akakabidhiwa timu, na mwaka 2008, akiwa na miaka 31, akaifikisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, klabu ya kwanza ya Belarus kukanyaga huko. Juventus hawakuishinda nyumbani wala ugenini: 2-2 Minsk, 0-0 Turin.

Wanaosema alibahatisha wananikera. Bahati gani inaifunga Real Madrid nje ndani, kama alivyofanya akiwa kocha wa CSKA Moscow mwaka 2018? 1-0 Moscow, halafu 3-0 palepale Bernabéu, na kikosi kilichojaa vijana! Walimaliza mkiani mwa kundi, kweli, na hilo linaniuma hadi leo. Ila ule mfumo wake wa mabeki watatu wa kati ungechambuliwa vizuri, dakika kwa dakika. Mhariri, tuletee hiyo.