PICHA YA MTOTO SIKU YA IDD NI AMANA



Ndugu zangu katika imani, kila ikifika tarehe 31 Oktoba simu zetu hujaa picha za watoto wa Ulaya na Marekani waliovalishwa mafuvu na mavazi ya mizimu kwa sikukuu yao ya Halloween. Wengi mnaniuliza hukumu yake. Jibu langu ni fupi: si sikukuu yetu, na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa Allah ametupa Idd mbili zilizo bora zaidi.

Lakini leo sitaki tuwaseme wao. Tujitazame sisi, na picha tunazowapiga watoto siku ya Idd.

Hapa Mtawanya, swala ikimalizika watoto wanatoka na kanzu mpya ambazo mikono imepita vidole, maana mama amepima na Idd ya mwakani. Mabinti wana hina mikononi. Kila mzazi ameinua simu. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu picha za kamera, wapo waliozuia na wapo walioruhusu. Mimi nafuata walioruhusu, kwa masharti. Na furaha ya Idd ni Sunna: Sayyidna Abubakar alipowakemea wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache, hiyo ni siku ya Idd.

Kinachoniumiza ni kingine.

Mwaka 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalitupiga mwezi Aprili, na Idd ul-Fitri ikatukuta humo humo. Mashamba yalizama, nyumba ziliingia maji, familia za Rufiji na Kibiti zikahama. Watu wa kheri wakaleta unga, mchele na nguo. Allah awalipe. Lakini wapo waliomsimamisha mtoto mbele, wakamshikisha mfuko wa mchele, wakamwambia atabasamu, kisha picha ikaenda mtandaoni uso wake wazi.

Baada ya miezi kadhaa mama mmoja akaniletea mwanawe wa darasa la nne. Hataki tena madrasa. Wenzake wameiona ile picha kwenye simu za kaka zao, wakampachika jina: "Mfuko wa Mchele". Kanzu aliyopewa Idd ile hajaivaa tena. Nilikaa naye mkekani, nikakosa la kumwambia. Mchele ule waliula wiki moja. Jina bado analo.

Mtu atasema, "Shekhe, waliochanga wanataka ushahidi." Ni haki yao, mali ya sadaka lazima iwe na hesabu. Basi piga picha magunia yakishushwa. Piga picha risiti. Mjumbe na imamu wasaini orodha ya waliopokea. Uso wa yatima si risiti.

Sura Al-Baqara, aya ya 264, inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Aya ya 271 inaeleza kuwa kutoa hadharani ni vizuri, na kumpa fakiri kwa siri ni bora zaidi. Angalia vizuri: kinachoruhusiwa kudhihirishwa ni sadaka. Aibu ya anayepokea haimo.

Hata sheria ya nchi imeliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Na sisi wazazi tusijitoe. Idd ijayo tufanye hivi:

1. Piga picha ya kumbukumbu, si ya kushindana. Chuchumaa uwe sawa na mtoto, mwache acheze. Ukimpanga kama askari utapata kanzu, hutampata mtoto.

2. Safisha picha mbili tatu studio, uandike nyuma jina, mwaka na mahali. Simu ikiibiwa au ikiingia maji, kumbukumbu itabaki.

3. Usiweke statasi mtoto akiwa uchi, akilia, au akiwa na sare inayoonyesha shule yake. Jicho la hasidi ni kweli, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwaombea kinga Hassan na Hussein. Na mtu mbaya naye anatazama statasi.

4. Mtoto wa mwenzio, omba idhini ya mzazi wake. Mtoto mwenyewe akikataa, weka simu mfukoni.

5. Ukimwona mtoto wa jirani amesimama pembeni kwa kuwa hana nguo mpya, mvalishe kwanza, kimya kimya, usiku wa kuamkia Idd. Asubuhi atakuja mwenyewe kwenye picha, na hakuna atakayejua kanzu imetoka wapi ila wewe na Mola wako.

Kama simuni mwako au kwenye ukurasa wako kuna picha ya mtoto akipokea msaada, ifute leo. Huenda yeye ameshakuwa mkubwa na bado anaikimbia.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu, sitiri aibu zao na zetu. Aamin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.