Gamba Si Ukoo

Nikiwa kidato cha tatu nilipoteza alama moja kwa sababu ya amiba. Swali lilitaka sifa zake, na jibu lililosubiriwa lilikuwa "hana umbo maalumu". Mimi niliandika kwamba wapo wenye umbo, kwa kuwa wapo wenye gamba. Nilikuwa nimewaona katika kitabu chakavu cha maktaba. Mwalimu akanikosesha kwa wino mwekundu. "Andika wanachotaka wasahihishaji," akaniambia.

Ile alama bado naidai.

Mtazame Difflugia, mkazi wa maji baridi na udongo wenye unyevu. Ni seli moja tu, hana jicho wala mkono, lakini huokota chembe za mchanga na kuzigandisha ziwe chupa ndogo, kisha akachomoza miguu yake ya muda kupitia mdomo wa chupa. Euglypha hana haja ya mchanga. Yeye hutengeneza vigae vya silika ndani ya mwili wake, akavipanga nje kama paa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Wataalamu wa zamani waliwaweka jamaa hawa kapu moja. Mwaka 1879 Joseph Leidy alichapisha kitabu kikubwa chenye michoro ya rizopoda wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, na wote wawili wamo. Simlaumu, alikuwa na macho na hadubini, akavitumia vizuri. Hata hivyo miguu ilikuwa ikidokeza jambo: ya Difflugia ni minene kama vidole, ya Euglypha ni myembamba kama nyuzi.

Vinasaba vikamaliza ubishi. Difflugia ni wa Amibozoa, kundi lenye undugu na wanyama na kuvu. Euglypha ni wa Serkozoa, mbali kabisa. Wengine, akina Amphitrema, wanakaribiana zaidi na mwani wa kahawia. Maana yake Difflugia yuko karibu zaidi nawe, msomaji, kuliko alivyo karibu na Euglypha. Gamba limebuniwa zaidi ya mara moja, na koo zisizojuana.

Kwa hiyo "amiba wenye gamba" ni jina la kazi, kama "waashi". Waashi wa mji mmoja si watoto wa baba mmoja. Ndiyo maana nakataa uainishaji ufundishwe kama orodha ya kukariri. Kila kundi ni dai kuhusu ukoo, na dai huweza kushindwa. Anayemkaririsha mtoto dai bila ushahidi wake amemfundisha utii, si sayansi.

Wapo watakaosema basi tulitupe gamba, vinasaba vinatosha. Hao nao nawapinga. Amiba akifa, gamba lake huweza kubaki katika mboji ya kinamasi kwa maelfu ya miaka. Kwa kuwa kila spishi ina kiasi chake cha unyevu inachokipenda, watafiti husoma magamba hayo tabaka kwa tabaka, wakajua lini kinamasi kilikauka na lini kilifurika. Gamba halitakwambia mwenyewe ni mwana wa nani. Litakwambia aliishi wapi, na katika hali gani. Hayo ni maswali mawili, na yote yana haki ya kuulizwa.

Basi wewe unayesahihisha, mtoto akikuandikia kwamba yupo amiba mwenye umbo, usimkate alama. Mwulize amemwona wapi.