Kinga inauzwa, maneno yake je?

Mwezi uliopita niliuza kinga yangu, baada ya kuinyonga miaka mitano kati ya Kavimvira na katikati ya mji wa Uvira. Sababu si ngeni kwa anayeishi hapa: fundi wa mtaani kwetu sasa anatengeneza moto tu, vipuri ni adimu, na kwenye barabara ya taifa namba 5 mwenye kinga husukumwa hadi mtaroni. Siililii. Ninachosema ni kwamba kitivo chetu kinaiacha kinga iondoke bila hata orodha ya maneno yake.

Tusikilize jinsi inavyotajwa. Vitabu vya Kiswahili sanifu vinasema baiskeli, neno la Kiingereza lililotufikia kutoka mashariki. Sisi twasema kinga. Ng'ambo ya mpaka, Gatumba, Warundi husema ikinga, na kwa wingi amakinga. Ndiyo maana na huku utasikia makinga, wakati baiskeli haibadiliki kwa wingi. Ukifika kwenye vipuri, unakutana na Kifaransa: gido, feri, pedale. Chombo kimoja kimepitiwa na njia tatu za lugha, nazo zinakutana hapa Kavimvira. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akisoma kinga atafikiria chanjo.

Wapo watakaosema kwamba kitu kikienda, jina lake huenda nacho, na hakuna la ajabu. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Gido na feri hayatapotea, kwa sababu moto nayo inavyo. Maneno ya chuma yanahama. Yanayobaki njiani ni maneno ya mwili: kunyonga kwenye mpando, kufunga magunia yasiyumbe, kusukuma kinga iliyoelemewa, kumwita mwenzako akusaidie kwa nyuma. Kwenye moto hakuna anayenyonga. Injini inafanya kazi hiyo. Maneno hayo yamo vinywani mwa mafundi na wabeba mizigo wa Bonde la Ruzizi, wanaochanganya Kifuliiru, Kivira, Kirundi na Kiswahili katika mazungumzo yaleyale. Wengi wa mafundi ninaowajua ni wazee, na vijana wao wameshika moto.

Goma wameijengea chukudu sanamu katikati ya mji. Kwa kinga ya Ruzizi daftari lingetosha. Napendekeza kwa walimu wetu kwamba baadhi ya kazi za kuhitimu za mwaka huu zishughulikie jambo hili. Kila mwanafunzi akae na fundi mmoja au mbeba mizigo mmoja, aandike maneno hamsini, kila neno na wingi wake, sentensi yake na lugha lilikotoka. Asisahihishe kinga kuwa baiskeli. Akifanya hivyo, atakuwa amefuta kile alichotumwa kutafuta. Na akimaliza, ageukie moto, ambayo tayari imetupa swali la ngeli: moto wangu uko jikoni, moto yangu iko barabarani.

Kavimvira bado kuna mafundi wawili ninaowafahamu wanaoziba mipira ya makinga. Yeyote atakayechukua mada hii, mwalimu au mwanafunzi, niko tayari kumpeleka kwao.