Mtihani wa Ushuru na Lugha ya Mtozwa Ushuru

Mintarafu ya Kiswahili na taaluma nyingine, sisi wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni tumezoea kuandika kuhusu mahakama, bunge, matangazo ya redio na tarakilishi. Uhasibu aghalabu hatuugusi. Huenda ni kwa sababu wengi wetu tulijiunga na idara hii kwa furaha ya kuagana na hesabu. Hata hivyo, upo mtihani mmoja nchini ambao, kwa maoni yangu, unatuhusu kuliko tunavyodhani, nao ni karatasi ya Fedha za Umma na Ushuru katika mitihani ya uhasibu inayosimamiwa na KASNEB. Dai langu ni kwamba karatasi hiyo humpima mtahiniwa katika nusu tu ya kazi inayomsubiri, na kwamba nusu iliyoachwa ni ya lugha.

Kwanza tuielewe karatasi yenyewe. KASNEB iliundwa mwaka wa 1969. Anayetaka kuwa mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, yaani CPA, hupitia ngazi ya msingi, ya kati na ya juu. Ushuru hufanyiwa mtihani katika ngazi ya kati, na anayependa kuubobea huweza kuuchagua tena katika ngazi ya juu. Mtahiniwa hupewa saa tatu, na alama 50 kwa 100 humpitisha. Mwaka una misimu mitatu ya mtihani: Aprili, Agosti na Desemba. Wengi wa watahiniwa ni watu wa kazi. Mchana wako dukani, bankini au katika ofisi ya kaunti. Jioni wako darasani katikati ya jiji, na usiku wamekumbatia vitabu vya maswali ya miaka iliyopita. Wapo pia wenzetu wa shahada ya biashara tunaokaa nao bwenini, ambao taa zao huzimwa mwisho ifikapo Novemba.

Mtu wa nje hudhani ugumu wa karatasi hii uko katika kukokotoa. Sivyo. Chukua mfanyakazi ambaye mapato yake yanayotozwa ushuru ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka wa 2024, shilingi 24,000 za kwanza zilitozwa asilimia 10, 8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizosalia, 17,667, asilimia 30. Jumla ni shilingi 9,783 na senti. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya 2,400, na mwajiri anapeleka 7,383. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya hesabu hiyo. Isitoshe, viwango vyenyewe huchapishwa kwenye karatasi ya maswali, mtahiniwa hana haja ya kuvikariri. (Kwa miaka mingi jedwali hilo lilibeba kichwa kilichotaja kwamba viwango hivyo vinajumuisha mapato ya mke. Wanaoshughulikia lugha na jinsia wana makala nzima hapo, tena haijaandikwa.)

Ugumu uko kabla ya hesabu. Je, ni kipi kinachoingia katika hizo 50,000 na ni kipi kisichoingia? Mwajiri akikupa gari la kampuni lililonunuliwa kwa shilingi 1,500,000, sheria huchukulia kwamba umepata walau asilimia 2 ya bei hiyo kila mwezi, yaani 30,000, ijapokuwa hujaona hata ndururu. Kwa upande wa mfanyabiashara, Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, humruhusu kuondoa gharama zilizotumika zote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo pekee. Tazama maneno hayo mawili, “zote” na “pekee”. Maswali mengi ya mtihani huzunguka hapo. Karo ya mtoto iliyotolewa kwenye kasha la duka haipiti. Kodi ya chumba cha duka inapita. Na je, simu ambayo mwenye duka humpigia mteja asubuhi na shemeji yake jioni? Mtahiniwa mzuri ni msomaji mzuri wa sentensi. Anafanya kazi ile ile tuifanyayo katika semantiki na pragmatiki, ila yeye akikosea mteja wake hutozwa faini.

Fauka ya hayo, matini anayoisoma haitulii. Kila mwaka huja na Sheria yake ya Fedha. Asilimia 16 ya ushuru wa thamani ya ziada, maarufu kama VAT, ilishuka hadi 14 Aprili 2020, ikarudi 16 Januari 2021. Mwaka wa 2024 ndio uliokuwa wa ajabu. Mswada wa Fedha uliondolewa mwezi wa Juni baada ya maandamano ya vijana. Julai 31 Mahakama ya Rufani ikatangaza kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 nayo ilikiuka Katiba. Mnamo Agosti Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na Oktoba 29 ikaubatilisha, sheria ikasimama. Kisha Desemba, Bunge likapitisha marekebisho mengine. Mtahiniwa aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Agosti alifungua kitabu asubuhi bila hakika kama sura aliyoisoma jana ingali sheria.

Sasa niingie katika hoja yangu. Maandalizi yote hayo, kuanzia sheria, vitabu, mihadhara, maswali hadi majibu, hufanyika kwa Kiingereza. Mtahiniwa akishapita hukutana na nani? Hukutana na fundi wa jua kali, na mama mwenye duka la nguo Gikomba, na mwenye matatu mbili za Ukambani, na mkulima anayeuza maziwa kwa chama cha ushirika. Watu hawa hawaulizi swali kwa Kiingereza. Mamlaka ya ushuru yenyewe inalijua hilo: wito wake kwa wananchi ni “Tulipe Ushuru, Tujitegemee”. Wito ni wa Kiswahili. Maelezo ya namna ya kulipa ni ya Kiingereza. Mwananchi anahimizwa kwa lugha moja na kuadhibiwa kwa nyingine.

Wapo watakaosema kwamba kueleza ni jambo dogo, kwamba aliyeielewa sheria kwa Kiingereza ataifafanua tu kwa Kiswahili atakapohitajika. Ningewaomba wajaribu. Waanze na neno “mapato”. Kwa mujibu wa marekebisho ya 2023, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yalizidi shilingi milioni 1 lakini hayakupita milioni 25 alitakiwa kulipa asilimia 3 ya mauzo ghafi. Mhasibu kijana akimwambia mama wa Gikomba kwamba atalipa “asilimia 3 ya mapato”, mama atafikiria kile kinachobaki mkononi jioni. Kama ameuza nguo za milioni 2 na kubakiwa na faida ya 150,000, yeye atatenga shilingi 4,500. Sheria inamdai 60,000. Neno “mapato” katika Kiswahili chetu hubeba mauzo, faida, mshahara na hata makusanyo ya serikali. Mtihani wa Kiingereza hauwezi kumfunza mtahiniwa kuhadhari na neno hilo, kwa kuwa hatari yenyewe haimo katika Kiingereza.

Mfano wa pili ni mkate. Mwaka wa 2024 mswada ulipopendekeza mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16, nchi nzima ilizungumza. Pendekezo hilo likaondolewa. Mkate ulikuwa, na ukabaki, katika orodha ya bidhaa zinazotozwa kwa kiwango cha sifuri. Zipo bidhaa nyingine ambazo zimesamehewa VAT. Mtahiniwa yeyote wa ngazi ya kati anaijua tofauti: muuzaji wa bidhaa za sifuri hudai arudishiwe VAT aliyoilipa aliponunua mahitaji yake, muuzaji wa bidhaa zilizosamehewa hana haki hiyo, na gharama ile huimeza au huipachika kwenye bei. Lakini sikiliza maneno yenyewe kwa sikio la Mswahili. “Kusamehewa” ni neno la huruma. “Kutozwa” ni neno la kuumizwa, hata ikiwa unatozwa sifuri. Mwenye kiwanda cha mikate akiambiwa achague, atauchagua msamaha, naye atakuwa amejichagulia hasara. Hapa pana kazi ya mwanaisimu, na sijui tunangoja nini.

Na kuna jozi ambayo mtihani huipenda sana: kupunguza ushuru kwa njia ambazo sheria imeziruhusu, na kuficha mapato ili usilipe. La kwanza ni haki ya kila mtu, la pili ni jinai. Magazeti yetu huyaita yote mawili “kukwepa ushuru”. Binafsi ningependekeza “kuepa” kwa lile halali na “kukwepa” kwa lile haramu. Wengine watapendekeza tofauti. Ilimradi mtahiniwa asitoke chumbani akiwa na maneno mawili kwa Kiingereza na moja tu kwa Kiswahili, kisha akamtisha mteja mwaminifu kwa neno la wahalifu.

Nakiri kwamba upo upinzani wenye uzito. Sheria za ushuru zimeandikwa kwa Kiingereza, na mahakama huzifasiri kwa Kiingereza. Kuutahini ushuru wote kwa Kiswahili leo kungekuwa kumtwisha mtahiniwa mzigo wa kutafsiri juu ya mzigo wa kukokotoa, ndani ya saa zile zile tatu. Nakubali. Hata Tanzania, ambako hotuba ya bajeti husomwa kwa Kiswahili na sheria ya mwaka wa 2021 iliifanya lugha hii kuwa lugha ya sheria, mitihani ya wahasibu imeendelea kwa Kiingereza. Kwa hiyo siombi karatasi igeuzwe. Naomba swali moja, la alama 10 au 15, ambalo humpa mtahiniwa mteja wa kubuni na kumtaka amwandikie barua ya Kiswahili sanifu na chepesi, akimweleza anadaiwa nini, kwa nini, na afanye nini kabla ya tarehe gani. Mtaala tayari una karatasi ya Stadi za Mawasiliano katika ngazi ya msingi. Ikiwa karatasi ya ushuru imejaa, swali hilo lianzie huko. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni bodi ya mitihani ya kitaifa itatoa sababu gani ya kukinyima alama kumi.

Upinzani wa pili unatoka kwetu wenyewe, nao unanikera zaidi. Kila panapotajwa taaluma mpya, sisi hukimbilia kuunda istilahi. Tunakaa kongamanoni siku mbili, tunatoka na orodha ya maneno mia tatu, nusu yake yakiwa hayajawahi kutamkwa na binadamu yeyote sokoni, kisha orodha inawekwa kabatini. Hata jina la jambo lenyewe hatujaafikiana. Huku kwetu “ushuru” ndio tozo la serikali na “kodi” humkumbusha mtu mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Ng'ambo ya Namanga “kodi” ndiyo ya serikali na “ushuru” hubaki kwa forodha na masoko. Tofauti hiyo haimzuii mtu kuelewa sentensi iliyoandikwa vyema. Vijana walioueleza mswada wa 2024 mitandaoni kwa Kiswahili, Sheng na lugha za jamii zao hawakungoja kamusi. Walichukua mkate, mafuta ya kupikia na gari, wakaeleza, wakaeleweka hadi vijijini. Baadhi ya maelezo yao yalikuwa na makosa ya kisheria, jambo ambalo mhasibu angelisahihisha lau angelikuwa na lugha ya kusahihishia.

Chama chetu kingeweza kuanza bila kungoja bodi. Wanafunzi wa uhasibu wanaojiandaa kwa mtihani wa Desemba wapo chuoni humu humu. Tukutane nao Jumamosi nne. Wao walete maswali kumi ya miaka iliyopita pamoja na majibu yao. Sisi tuyaandike upya kama barua kwa mteja, kisha tumsomee mtu asiyejua uhasibu, tumwombe atueleze alichoelewa. Tuanze na lile swali la gharama. Sheria imesema “zote” na “pekee”, na mwenye duka ana simu moja ya mteja na ya shemeji. Ningependa kuona wanafunzi wa mwaka wa tatu watamwandikia nini.