Jezi si hati ya kusafiria

Tarehe 18 Januari 2026, mjini Rabat, Senegal na Morocco zilikutana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Dakika za nyongeza za kipindi cha pili mwamuzi aliwapa wenyeji penalti. Kocha wa Senegal, Pape Thiaw, akawaita wachezaji wake watoke uwanjani, na huku jukwaani baadhi ya mashabiki wa Senegal walijaribu kuingia uwanjani na kupambana na walinzi. Baadaye wachezaji walirudi, Brahim Díaz akakosa penalti, na Pape Gueye akaifungia Senegal bao pekee katika muda wa ziada.

Mambo hayo wengi wetu tuliyaona kwenye televisheni. Ambalo halikutazamwa sana ni lile lililofuata. Mashabiki 18 wa Senegal waliokamatwa siku ile hawakurudi nyumbani kushangilia. Walikaa mahabusu mwezi mmoja, na tarehe 19 Februari mahakama ya Rabat iliwatia hatiani na kuwahukumu vifungo vya kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja. Timu yao ilishinda uwanjani, wao wakaenda jela.

Nyanza-Lac ni mbali na Rabat. Hata hivyo naandika kwa sababu sisi wa ufuko huu, kuanzia Rumonge hadi Kabonga, ni watu wa kuvuka mipaka, na mpira tunavuka nao. Simba na Yanga zina mashabiki hapa kama zilivyo nao Ujiji. Amissi Tambwe alipokuwa akifunga mabao Dar es Salaam, na baada yake Saido Ntibazonkiza, tuliwahesabu kuwa vijana wetu. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania tarehe 25 Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga 1-0, ilichezwa Kigoma, mji ambao wafanyabiashara wetu wa mawese na dagaa wanaujua kuliko miji mingi ya nchi yao wenyewe. Na Septemba 2019 Burundi na Tanzania zilipogombea nafasi ya kusonga mbele kuelekea Kombe la Dunia, zilitoka 1-1 Bujumbura, zikatoka 1-1 tena Dar es Salaam, na sisi tukatolewa kwa penalti. Mechi kama hizo ndizo zinazopandisha damu.

Swali ninalotaka tujiulize leo ni moja: shabiki akifanya fujo ugenini, nani analipa?

Wa kwanza kulipa ni yeye mwenyewe, tena hulipa zaidi ya mwenyeji aliyefanya kosa lile lile. Sababu zinaeleweka. Mwenyeji akikamatwa, ndugu zake hufika kituoni, anwani yake inajulikana, mdhamini anapatikana, na kesho yake huenda akalala kwake. Mgeni hana mdhamini wala nyumba. Hakimu anajiuliza: nikimwachia, nitamwona tena? Jibu rahisi ni kumrudisha rumande. Ndiyo maana kosa ambalo mwishowe huenda likawa la faini huanza kwa wiki kadhaa za kulala sakafuni.

Pengine mambo huenda kwa kasi mno. Juni 2016, katika michuano ya Ulaya, Waingereza na Warusi walipigana mitaani na uwanjani Marseille, Ufaransa. Siku chache tu baadaye Waingereza sita walikuwa wamekwisha hukumiwa vifungo vya mwezi mmoja hadi mitatu. Mahakama za haraka za Ufaransa zina faida yake, kwani mtu hakai mahabusu akisubiri. Lakini mgeni asiyejua lugha, ambaye amekutana na wakili wake asubuhi ile ile, ana muda gani wa kutafuta shahidi wa kumtetea?

Wa pili kulipa ni mtu ambaye hata uwanjani hakwenda. Hapa ndipo naomba ndugu zangu wafanyabiashara wanisikilize vizuri. Mei 1981, baada ya mechi kati ya timu ya Gabon na ya Kameruni iliyochezwa Douala, ghasia zililipuka Libreville na Port-Gentil, miji ya Gabon. Watu walivamia maduka na nyumba za Wakameruni walioishi huko kwa shughuli zao. Mwisho wa yote, Wakameruni wapatao 10,000 walirudishwa kwao. Muuza nguo wa Libreville hakumpiga mtu yeyote Douala. Kosa lake lilikuwa utaifa wake.

Hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wengi wanaosoma ukurasa huu waliishi Mtabila, Nyarugusu au Nduta, na wanakumbuka kuulizwa kibali kila walipotoka nje ya kambi. Wapo walioiona Operesheni Kimbunga mwaka 2013, iliyowarudisha maelfu ya Warundi na Wanyarwanda kutoka mikoa ya magharibi ya Tanzania. Tunajua inakuwaje mtu anapohukumiwa kwa lafudhi yake kabla hajaulizwa jina.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Katika ndoo ya mgebuka usemi huo ni wa kweli. Katika mahakama ni sheria mbaya.

Tuseme ukweli wa upande wa pili pia. Nchi mwenyeji ina haki ya kulinda viwanja vyake, na wasiotaka mkono wa sheria wakumbuke Heysel. Tarehe 29 Mei 1985, mjini Brussels, Ubelgiji, mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wale wa Juventus kabla ya fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Ukuta ulianguka na watu 39 wakafa. Uingereza iliwakabidhi washukiwa kwa Ubelgiji, na mwaka 1989 mahakama ikawatia hatiani 14 kwa kuua bila kukusudia. Pamoja na hayo, klabu za Uingereza zilifungiwa kucheza Ulaya kwa miaka mitano, zikiwemo ambazo mashabiki wake hawakuwako Brussels.

Mwaka 2000 Ubelgiji hiyo hiyo ilikuwa mwenyeji mwenza wa michuano ya Ulaya. Safari hii polisi walikamata Waingereza zaidi ya 900, na wengi wao walirudishwa kwao bila kufikishwa mbele ya hakimu. Angalia tofauti. Ile kesi ya 1989 ilichukua miaka minne, lakini ilitafuta mtu na tendo lake. Hii ya 2000 ilichukua siku chache na kukusanya kundi zima, mwenye hatia na asiye na hatia wakapanda ndege moja.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kipimo kilipo. Anayevunja kiti au kumpiga askari na ashtakiwe, hata akiwa mtoto wa mama yangu. Lakini ashtakiwe yeye, kwa tendo lake, kwa ushahidi unaomwonyesha yeye, na katika lugha anayoielewa. Kifungu cha 14 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Burundi na Tanzania zote zimeuridhia, kinampa mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kikonseli unampa aliyekamatwa ugenini haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe. Haki hizo hazina maana kwa mtu asiyejua kuwa anazo.

Wapo vijana wanaosema, "Sisi ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kigoma ni kwetu." Ni kweli Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika 2010. Lakini kifungu cha 7 cha itifaki hiyo, hicho hicho kinachotoa uhuru wa kwenda na kurudi, kinasema uhuru huo haumwondolei mtu mashtaka akifanya kosa katika nchi mwanachama. Lango la Mugina na Manyovu limefunguliwa kwa mizigo na watu, halikufunguliwa kwa fujo.

Basi tufanye nini? Kwanza, anayevuka kwenda kuangalia mpira avuke kama anavyovuka kwenda sokoni: hati zake mfukoni, zimegongwa muhuri, na mtu wa nyumbani anajua alikolala. Asiye na hati akikamatwa katika vurugu ambayo hakuianza, ataachiwa kwa vurugu na kushikwa kwa uhamiaji. Pili, fujo ikianza, ondoka. Kamera haijui kwamba ulisimama tu kutazama. Tatu, ukikamatwa, sema kwa upole: naomba mkalimani, naomba ubalozi wetu ujulishwe. Burundi ina ubalozi mdogo Kigoma. Usitie saini karatasi usiyoweza kuisoma. Nne, matawi ya mashabiki yanayokodi mabasi na boti yawe na orodha ya majina na kiongozi anayejulikana, ili mtu akipotea atafutwe usiku ule ule.

Na viongozi wetu wa pande zote mbili nao wana lao. Kabla ya mechi kubwa hujadiliana kuhusu tiketi na wageni waalikwa. Wajadiliane pia kuhusu wakalimani wa Kirundi vituoni, na namna ya kumpa dhamana mgeni ambaye tawi lake linamdhamini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi moja inayogeuka kuwa ugomvi wa nchi mbili.

Mwenye boti ya mawese anayeondoka hapa alfajiri kwenda Kigoma hana habari na penalti ya jana. Ana watoto wa kulisha na deni la mafuta. Shabiki anayerusha chupa ng'ambo amkumbuke mtu huyo, kwa maana kesho ndiye atakayeulizwa katokea wapi. Na askari atakayemuuliza akumbuke kwamba mrusha chupa alikuwa mwingine.