Kadi Inakataliwa, Sababu Haitolewi: Risala ya Wanaofanya Kazi kwa Kompyuta Kisiwani Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa mameneja wa matawi ya benki mliopo,
Wazee wetu, mashekhe, ndugu na wenzetu wa kazi,



Risala nyingi za kisiwa hiki huanza na barabara, maji na madawati ya skuli. Yetu inahusu jambo ambalo baadhi ya wazee waliokaa hapa mbele watauliza ni kitu gani, kwa hiyo mtatuwia radhi tukilieleza kwa kirefu.

Sisi ni watu wa Pemba tunaokula kwa kompyuta. Tumo wapiga picha na wahariri wa video za harusi wa Chake Chake na Wete, wenye vibanda vya kuchapa kadi na mabango, watunza hesabu, wanaopokea maombi ya wageni kwa niaba ya hoteli za upande wa Kigomasha, walimu, wanafunzi wa chuo, na vijana wachache wanaoandika programu kwa ajili ya wateja walioko nje ya nchi. Wengi wetu hatuajiriwi na mtu. Umeme tunao, uliotufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Intaneti tunayo, japo bando ni ghali. Kinachotukwamisha ni kulipa.

Mheshimiwa, zana za kazi yetu siku hizi haziuzwi, zinakodishwa. Zamani programu ilikuja kwenye sidii, ukaiweka kwenye kompyuta ikakaa humo mpaka kompyuta yenyewe ife. Mwaka 2011 Microsoft walianza kuiuza programu yao ya Office kwa malipo ya kila mwezi. Mwaka 2013 Adobe, ambao programu zao za picha na video ndizo zinazotumika karibu katika kila studio, walitangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa njia hiyo tu. Wengine wakafuata: hifadhi ya mafaili, mikutano ya video, tovuti, mfumo wa kupokea wageni wa hoteli. Kila kimoja kinataka dola kadhaa kila mwezi, na kinazitaka kwa kadi. Asiyelipa mwezi huu hafungui kazi yake mwezi ujao.

Hapo ndipo kadi zetu zinapogoma. Mwenzetu mmoja, mhariri wa video, alikuwa na harusi mbili za kukabidhi kabla ya Idi. Pesa ya malipo ya mwezi ilikuwamo kwenye akaunti. Akaandika namba za kadi, akasubiri, akaletewa maneno mawili: kadi imekataliwa. Akajaribu tena, safari hii akaambiwa aandike namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa meseji. Meseji ilikwenda kwenye laini aliyoiandikisha siku alipofungua akaunti, laini ambayo alishaiacha. Asubuhi akenda benki, akapanga foleni, akajaza fomu ya kubadilisha namba ya simu. Fomu ikapelekwa makao makuu. Namba ilipobadilishwa, meseji ikaja, akaiandika, na kadi ikakataliwa vilevile. Dada wa huduma kwa wateja akampigia mtu simu, akasikiliza, akamgeukia na kumwambia kwa upole: "Kaka, kwetu sisi iko sawa, wasiliana na muuzaji." Akamwandikia muuzaji. Jibu la muuzaji lilikuwa la adabu na fupi: wasiliana na benki yako.

Benki hiyo hatuitaji jina, kwani kila mmoja wetu hapa ana benki yake na kisa chake, na visa vyote vinafanana.

Tumejisomea wenyewe namna mambo haya yanavyokwenda, kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Muuzaji anapoomba pesa, ombi lake hupita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard mpaka kwenye benki iliyotoa kadi, na benki hiyo hujibu kwa namba ya tarakimu mbili. Jibu la 51 lina maana kwamba salio halitoshi. 54 ni kwamba kadi imeisha muda wake. 57 ni kwamba mwenye kadi hakuruhusiwa kufanya muamala wa aina ile, na mara nyingi hilo ni suala la kuwashiwa malipo ya mtandaoni tu. 61 ni kwamba amepita kiwango. Halafu iko 05, inayosema lisikubaliwe, bila ya kusema kwa nini. Ni kweli kwamba wakati mwingine muuzaji mwenyewe hukataa kabla ombi halijafika benki, kwa sababu tarakimu za mwanzo za kadi humwonyesha imetoka nchi gani na ni ya aina gani. Lakini ombi likishafika benki, jibu linatoka benki. Namba imeandikwa kwenye mfumo wao. Yule dada angeweza kuisoma kwenye skrini, kama angepewa ruhusa ya kuiona, na mwenzetu asingepoteza siku zake baina ya watu wawili wanaorushiana mpira.

Liko na jingine, Mheshimiwa, ambalo linatuumiza zaidi kuliko kukataliwa siku ya kwanza. Malipo ya mwezi wa kwanza yanapita, tunashukuru, tunafanya kazi. Mwezi wa pili muuzaji anakata mwenyewe, usiku, hakuna mtu wa kuandika namba ya uthibitisho, na benki inaona muamala usiothibitishwa na kuukataa. Asubuhi akaunti imefungwa, na picha za harusi ya watu zimo ndani.

Tumepewa sababu nyingi kwa miaka hii, na baadhi tulizikubali. Mwaka 2023 na 2024 tuliambiwa dola hakuna, na tuliona wenyewe: dola iliyokuwa karibu na shilingi 2,300 mwaka 2022 ilivuka 2,700 mwaka 2024. Tuliambiwa pia kwamba Tanzania imo kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaofuatilia utakatishaji wa fedha, na kwamba kampuni za nje zinaiogopa kadi yetu kwa sababu hiyo. Nchi iliingizwa kwenye orodha hiyo Oktoba 2022 na ikatolewa Juni 2025. Dola nayo imetulia. Sababu zimeondoka, kadi bado inakataliwa.

Mpaka hapo tunafanyaje? Kama walivyofanya Wapemba siku zote, tunampigia jamaa wa Maskati. Kila ukoo hapa una mtu Oman au Dubai, na kadi yake ya huko inapita mara moja. Anamlipia binamu, mjomba, rafiki wa mjomba, na kila mwisho wa mwezi simu yake haipumziki. Tunaona haya, Mheshimiwa. Mtu mzima mwenye biashara yake na pesa yake benki anambembeleza shemeji amlipie dola kumi na kitu. Asiye na jamaa huenda kwa wakala wa mtandaoni anayelipa kwa kadi yake mwenyewe na kumpangia dola bei anayoitaka, na huyo wakala ndiye anayeshika nywila ya akaunti. Siku akitoweka, ametoweka na kazi ya mtu. Wengine wanatumia programu zilizovunjwa, zinazokuja na virusi. Hatuwatetei, ila tunajua nani aliyewafikisha huko.

Kampuni za simu za hapa nchini zina kadi za mtandaoni zinazotumia pesa ya simu, na wenzetu wa Kenya waliletewa ya M-Pesa kwa kushirikiana na Visa mnamo Juni 2022. Tunazitumia na zimetusaidia. Hata hivyo, wako wauzaji wasiokubali kadi ya kujazwa pesa kabla, hasa kwa malipo ya kujirudia kila mwezi.

Tutaambiwa pia tutumie programu za bure. Tunazitumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatuonyesha njia mwaka 2004 kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Lakini mteja wa Stockholm anapokutumia faili la Adobe na kutaka alirudishiwe hivyohivyo kesho, hujibizani naye juu ya uhuru wa programu.

Sasa tuseme lililotuleta. Manunuzi haya ni halali, na Serikali inayatambua. Tunajua inayatambua kwa sababu inayatoza kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwa mapato ya wauzaji wa huduma za kidijitali wasio wakaazi, kuanzia tarehe 1 Julai 2022, na kwa upande wa Bara wauzaji hao wakatakiwa kujisajili na kukusanya VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo iko njia ya kodi kutoka mfukoni mwetu kwenda Hazina kupitia kampuni ya Marekani. Njia ya malipo yenyewe ndiyo haijatengenezwa. Mwezi Machi 2025 Serikali ikatoa kanuni za kukataza bei za ndani ya nchi kutajwa na kudaiwa kwa fedha za kigeni, nasi tunaziunga mkono, kwani shilingi ndiyo fedha yetu. Basi shilingi hiyo ipewe nguvu ya kuvuka bahari inapohitajika. Na Agosti 2022 Zanzibar ilizindua Silicon Zanzibar, kuzialika kampuni za teknolojia zije Fumba, Unguja. Karibu sana. Kijana wa Micheweni naye ni mtu wa teknolojia, na hahitaji kibali cha kuishi.

Kisiwa hiki, Mheshimiwa, ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Wazee waliokaa hapa walipanda mikarafuu, wakachuma, wakaanika majamvini, na kwa miaka mingi fedha za kigeni za nchi hii zilitokana na jasho lao. Wajukuu wao wanapoambiwa kwamba dola kumi na mbili za programu haziwezi kutoka Pemba, wazee wanacheka, lakini si cheko la furaha.

Hatuombi dola za bure wala bei ya msamaha. Tunachotaka ni hiki.

Benki Kuu ya Tanzania iziagize benki zote zimpe mteja sababu ya kila muamala wa mtandaoni uliokataliwa, kwa maandishi, kwa Kiswahili, pamoja na ile namba ya tarakimu mbili, ndani ya siku moja. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinampa mteja haki ya kueleweshwa na kulalamika. Mtu atalalamika vipi juu ya jambo asilolijua? Hili ndilo dai letu kubwa, na likitekelezwa peke yake, nusu ya matatizo yetu yatamalizwa na vijana wenyewe kwenye vibanda vyao.

Kuwashwa kwa malipo ya mtandaoni, kubadilisha namba ya simu na kupandisha kiwango kufanyike kwenye tawi la Pemba, siku hiyohiyo, na meneja wa tawi apewe mamlaka hayo. Mtu aliyepanda gari kutoka Konde au Makangale asirudishwe kwa sababu fomu imekwenda Dar es Salaam.

Kwa malipo ya kila mwezi, benki ziweke utaratibu wa mteja kuidhinisha muuzaji mara moja, kwa jina lake na kwa kiwango cha juu anachokitaja mteja, ili mwezi wa pili usihitaji meseji. Na pale pesa iliposhikiliwa kwa muamala ambao haukukamilika, ielezwe itarudi lini. Makato na kiwango cha kubadilishia dola vitajwe kabla mteja hajabonyeza, siyo baada.

Wauzaji wa nje waliosajiliwa kulipa kodi nchini waombwe kupokea shilingi kwa njia ya simu. Benki Kuu imeshaziunganisha benki na mitandao ya simu kupitia TIPS, mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, na wauzaji hao wameshakubali kuhesabu kodi kwa ajili yetu. Hatuoni kwa nini wasifike kwenye hatua hiyo ya pili.

Mwisho ni suala la mlango wa kugonga. Mabenki na fedha za kigeni ni mambo ya Muungano, hilo tunalielewa, lakini hapa linageuka kuwa kisingizio. Ofisi za Zanzibar zinatuambia jambo si lao, tawi linatuambia ni la makao makuu, na tawi la Benki Kuu liko Unguja. Tunaomba tawi hilo la Zanzibar lilete ofisa wake Pemba kwa ratiba inayojulikana, akae Chake siku moja na Wete siku moja, apokee malalamiko ya miamala na arudi na majibu ya yale aliyoyachukua safari iliyopita. Majibu ya risala hii nayo tunaomba yabandikwe kwenye mbao za matangazo za matawi ya benki ya Chake Chake, Wete na Mkoani, ili hata asiyekuwapo leo ayasome.

Tunaomba kuwasilisha.