Jina Jipya la Jarida Litanguliwe na Kazi

Jarida la sanaa likishatimiza miaka michache, na wahariri wake wakaona kwamba ngoma, mashairi na michoro waliyoanza nayo haitoshi tena kuyabeba yote wanayotaka kusema juu ya elimu, riziki, ardhi na haki za watu, aghalabu fikira ya kwanza inayowajia ni kubadili jina. Na jina likishabadilishwa, na nembo ikachorwa upya, na wafadhili wakaandikiwa barua za kuwaarifu, huonekana kana kwamba kazi yenyewe imekwisha kupanuka, ilhali haijaandikwa bado hata sahifa moja ya mambo hayo mapya.

Mimi si adui wa majina mapya, wala sidai kwamba jarida lililozaliwa kwa ajili ya wacheza ngoma na watunga mashairi halina haki ya kunena juu ya bei ya chumvi au ukataji wa mikoko. Ninachodai ni kwamba jina jipya lije nyuma ya kazi, si mbele yake, na likija lisiifute hesabu ya yaliyotangulia. Ushahidi ulio bora kupita wote juu ya jambo hili unatokana na kijarida ambacho wengi wetu tumekula matunda yake bila ya kukijua.

Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi kamati ya lugha iliyozijumuisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, kwa kusudi la kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja, kama ilivyoafikiwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na miongoni mwa amali zake za mwanzo ilikuwa kutoa taarifa ndogo ya kuwaeleza maafisa wa elimu na wamisionari maamuzi ya kamati: neno lipi liandikwe vipi, kitabu kipi cha shule kimepata idhini, msamiati upi unafaa kuingizwa katika kamusi. Ilikuwa taarifa ya ofisi, imeandikwa na watu wa ofisi kwa watu wa ofisi, na wenyewe wenye lugha, watu wa pwani ya Mrima na visiwa, walikuwa humo zaidi kama watu wanaozungumzwa kuliko kama watu wanaozungumza.

Lakini miaka ilivyopita, waliokuwa wakiihariri walianza kuzipokea hati ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na idhini ya vitabu vya shule. Tenzi zilizokuwa zimehifadhiwa majumbani kwa hati za Kiarabu zilitolewa makashani, zikanakiliwa, zikafasiriwa na kupigwa chapa. Mwaka 1955 ukatoka, kama nyongeza ya jarida hilo, utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy juu ya vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, kwa juhudi za J. W. T. Allen, mwaka 1957 ukafuata utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita vya Maji Maji, kwa tafsiri ya W. H. Whiteley, kisha, katika miaka ya 1958 na 1959, yakatoka maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe kwa lugha yake.

Msomaji na azingatie uzito wa jambo hilo. Vita alivyovitungia Hemedi ndivyo vita vilivyopita katika miji yetu hii. Bushiri bin Salim, aliyepigana na Wadachi hapa Bagamoyo, alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889, na Bwana Heri wa Saadani aliendelea kushika silaha baada yake mpaka mwaka 1890. Anayetoka Bagamoyo kwenda Saadani leo hushika njia yake hapa Makurunge ninapoandika maneno haya. Taarifa iliyoanzishwa na watumishi wa serikali ya kikoloni ili kusahihisha tahajia ilikuwa, baada ya robo karne, imegeuka kuwa chombo cha kuwahifadhia watu wa Mrima habari za jinsi babu zao walivyokataa kutawaliwa. Huo ndio upanuzi wa kazi, na ulifanyika kabla ya mtu yeyote kufikiri juu ya jina la kuufaa.

Jina nalo lilifuata, taratibu. Taarifa ya kamati ikawa katika miaka ya 1950 jarida la kamati. Jarida la kamati likaja kuitwa *Swahili*. Na mwaka 1970, baada ya kamati kugeuzwa chuo cha uchunguzi na kutiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, likaitwa *Kiswahili*, jina lililo nalo hata sasa. Jambo linalonipendeza kuliko majina yote hayo ni tarakimu ndogo iliyochapwa kando yake: juzuu ya mwaka 1970 haikuitwa ya kwanza, bali iliitwa ya 40. Wahariri wa nchi iliyokuwa huru, ambao walikuwa na kila sababu ya kutaka kuanza upya na kuitupa nasaba ya ukoloni, waliikubali hesabu yote ya nyuma, mazuri yake na mabaya yake, hata mwanafunzi anayeisoma juzuu ya leo aweza kurudi nyuma, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye taarifa ya Johnson, na kuona kwa macho yake jinsi nia ilivyopanuka. Huo ni uaminifu mkubwa, nao haugharimu chochote.

Gazeti la *Standard* la Dar es Salaam lilipita njia iyo hiyo kwa mwendo wa haraka zaidi. Serikali ililitaifisha tarehe 5 Februari 1970, na Frene Ginwala akashika uhariri. Msimamo wake ukageuka, likawa gazeti jingine kabisa, walakini jina lilikaa vile vile. Ni mwaka 1972 tu, lilipounganishwa na *Nationalist* la chama cha TANU, ndipo likaitwa *Daily News*. Mtu aweza kukubaliana au kutokubaliana na siasa ya wakati ule, lakini mpangilio wake ulikuwa wa haki kwa msomaji: alionyeshwa kwanza gazeti jipya ni lipi, kisha akaambiwa linaitwaje.

Na karibu zaidi na sisi kuna mfano wa chuo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na mwaka uliofuata tamasha lake la kila mwaka likaanza kuwakusanya wacheza ngoma, waigizaji na wanamuziki wa nchi hii na za nje. Mwaka 2007 kilifanywa wakala wa serikali kikapewa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo kila mtu huiita TaSUBa. Nami naona neno hilo la utamaduni liliongezwa kwa stahili, kwa kuwa tamasha lilikuwa limekwisha kuutenda utamaduni kwa robo karne kabla ya kuandikwa langoni. Hata hivyo neno la mwisho katika jina hilo, ambalo ni Bagamoyo, lina deni ambalo halijalipwa lote. Bagamoyo si Mji Mkongwe peke yake, pamoja na milango yake ya nakshi na magofu yanayopigwa picha na wageni. Bagamoyo ni wilaya, ndani yake mna Wadoe, Wakwere, Wazigua na Wazaramo, na mna kata kama hii yetu ya Makurunge, ambayo katika makaratasi ya barabara ya kwenda Tanga hutajwa ndani ya mabano, mbele yake Bagamoyo, nyuma yake Saadani.

Najua jibu la wahariri wa majarida ya sanaa, nalo si jibu la kudharauliwa. Husema kwamba jina la zamani linawafukuza watu: mvuvi akiona jarida linaitwa kwa jina la ngoma hudhani halimhusu, na mwalimu wa kilimo hawezi kupeleka makala yake mahali panapoitwa pa washairi. Kuna kweli katika neno hilo. Lakini *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, liliweka shauri la mkulima, habari za miji ya mbali na mashairi ya Shaaban Robert chini ya jalada moja, na mshairi hakumwona mkulima kuwa mgeni, wala mkulima hakumwona mshairi kuwa mtu wa anasa. Lilikuwa gazeti la serikali, na maneno yake mengi yalikuwa ya kutii. Lakini wasomaji waliandika barua kwa wingi kwa sababu waliyaona majina ya miji yao yamechapwa humo. Kinachomvuta mtu katika gazeti ni kujiona ndani yake, na mtu hajioni katika nembo.

Sasa jarida la sanaa la pwani hii likitaka kupanua kazi yake, litaanzia wapi? Mimi nasema lianzie kwenye sanaa ile ile, kisha liifuate mpaka nyumbani kwake. Limfuate fundi wa ngoma anapotafuta gogo la kuchonga, nalo litajikuta linaandika juu ya misitu na wachoma mkaa. Liufuate wimbo wa wanaovuna chumvi: maji ya bamvua huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua likayanywa siku baada ya siku mpaka ukoko mweupe ukaganda chini, kisha watu wakaingia miguu mitupu kuukwangua na kuurundika kandokando, huku miali ya jua ikiwapiga kutoka juu na mng'aro wa chumvi ukiwapiga kutoka chini. Jarida liandike maneno wanayoyaimba, na katika sahifa iyo hiyo liandike gunia linanunuliwa kwa bei gani shambani na linauzwa kwa bei gani mjini. Limfuate kijana wa Makurunge aliyekuwa akicheza ngoma arusini, ambaye sasa anakata miwa katika mashamba ya Bagamoyo Sugar, limwulize ngoma anaicheza lini. Huko kote hakuna haja ya kuiacha sanaa, wala ya kuomba radhi kwa ajili yake. Sanaa yenyewe ndiyo inayomwongoza mwandishi mpaka kwenye riziki, ardhi na haki.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wanaolikusudia jambo hili, na nawaomba kwa moyo safi kwa kuwa kazi yao naipenda, wafanye hivi: kabla ya kumpelekea mchapaji nembo mpya, watoe matoleo manne ya mambo mapya chini ya jina la zamani, na wayalete mpaka huku njia panda, yasiishie mezani kwa wafadhili wala katika kumbi za mjini. Wasomaji wakiyapokea, wabadili jina bila hofu, hesabu ya juzuu iendelee pale ilipofika, na jina la kale lichapwe kwa herufi ndogo chini ya jipya kwa muda wa mwaka mzima, ili aliyelinunua toleo la kwanza ajue kwamba hili ni lile lile alilolisaidia lilipokuwa dogo. Wenye habari wapo Makurunge, nao hawajaulizwa. Mhariri atakayekuja kuwauliza atawakuta kazini.